Mbona maji ya bamvua hukauka saa nne asubuhi, mwezi baada ya mwezi?

Uzi na Sindano (Langoni, Amu, yaani Lamu)

Assalaam aleikum jamaa wa pwani.

Mimi ni mshona kofia. Kazi yangu naifanyia nje, barazani upande wa pwani, kwa sababu vito vya kofia, ile darizi yake, vinataka mwanga, na kwenye vichochoro vyetu jua huchelewa kuingia. Kofia moja hunikaa mikononi miezi miwili, mitatu. Kwa hiyo nikiinua kichwa kupumzisha macho, ninachokiona ni maji, na Manda ng'ambo.

Mbele ya baraza ninapokaa pana ngazi ya mawe inayoshuka majini, mashua hufunga hapo kupakia watu. Ina vidato kumi na viwili. Baada ya Maulidi ya mwaka jana nilinunua daftari, nikaanza kuandika. Kila siku naandika tarehe ya mwezi wa mwandamo, saa ambayo maji yamekauka kabisa, na kidato yalichofikia yalipojaa. Sijaruka siku ila zile tatu nilizolala na homa, na hizo aliniandikia mpwa wangu wa miaka tisa, tena kwa makini kuliko mimi.

Siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupanda mpaka kidato cha pili kutoka juu, na yakipwa vidato vyote kumi na viwili huwa nje, na chini yake tope, kamba za nanga zimelala, na pete moja ya chuma iliyoliwa na kutu ambayo siku nyingine huwezi kujua kama ipo. Siku za maji mafu, yale madogo ya katikati, hupanda mpaka cha sita tu, na hayashuki zaidi ya cha tisa. Hayo nilikuwa nayajua hata kabla ya daftari, kila mtoto wa Amu anayajua.

Lililonishika ni saa. Nimerudi nyuma kwenye kurasa zote, bamvua baada ya bamvua, za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu. Maji hukauka baina ya saa nne na saa tano na nusu asubuhi, na tena saa hizo hizo usiku. Hakuna bamvua hata moja ambayo yalikauka alasiri, wala alfajiri. Hata moja! Na maji mafu ni kinyume chake, yenyewe hupwa saa kumi, saa kumi na moja, jioni na alfajiri.

Sasa swali langu. Tunajua maji huchelewa kila siku. Leo yakijaa saa kumi, kesho yatajaa saa kumi na dakika kadhaa. Ikiwa kila siku yanasogea mbele, mbona bamvua ikirudi inakuta saa ile ile? Kuna nini kinachoyarudisha?

Na la pili, ambalo pengine ni kosa la macho yangu: kuchelewa kwenyewe hakulingani. Siku za bamvua maji huchelewa kama dakika thelathini na tano, arubaini. Siku za maji mafu huzidi saa nzima.

Niseme pia kwa nini jambo hili liko moyoni. Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja tulikwenda harusini Siyu, kisiwa cha Pate, mama, khalati zangu wawili na mimi. Mashua ilichelewa kuondoka kwa sababu mwenye chombo alikuwa akingoja abiria zaidi. Tulipoingia Mkanda, ule mlango mwembamba wa maji kati ya Manda na bara, maji yalikuwa yameshaanza kutoka. Tukakwama katikati ya mikoko. Ukisikia mtu anasema maji yametoka, hujaelewa maana yake mpaka uone mikoko inavyokua mirefu mbele yako, mizizi inatokeza kidogo kidogo, na kaa wadogo wenye gando moja jekundu wanatoka matundu yao kana kwamba nyinyi hampo. Tulikaa mpaka usiku. Mama alikuwa amebeba sinia ya vileja vya harusi, tukavila vyote. Watu wazima walimlaumu mwenye mashua, nami nikawa natazama tope nikijiuliza: maji yamekwenda wapi, na nani aliyeyapangia saa?

Anayejua anieleze, na asione uvivu kueleza kwa urefu.

Nahodha wa Matondoni

Waaleikum salaam mwanangu. Nimefurahi kuona kijana wa Amu anaandika maji, maana siku hizi watu hutazama simu.

Kwa nini, hilo sikujibu, ngoja waliosoma. Mimi nitakwambia tulivyofundishwa kuyahesabu, kwa sababu nimeendesha jahazi miaka mingi, Kizingitini, Faza, Kiunga mpaka Mombasa, na sikuwahi kushika jedwali la maji.

Unashika mwezi. Mwezi mosi, yaani siku ya kwanza ya mwandamo, maji hujaa baada ya alasiri. Kila siku inayoongezeka, sogeza mbele robo tatu ya saa au zaidi kidogo, ndiyo kuchelewa kwake. Mwezi tano utakuta kama saa mbili za usiku, na za asubuhi vilevile. Ukifika mwezi kumi na tano umerudi pale pale alasiri, unaanza hesabu upya. Kwa hiyo mwezi mosi na mwezi kumi na tano ni ndugu, mwezi saba na mwezi ishirini na mbili ni ndugu. Babangu alikuwa akihesabu kwa viungo vya vidole, kumi na vinne mkono mmoja, na mkono ukiisha bamvua imerudi. Na kuchelewa hakulingani kweli, macho yako hayakukudanganya. Tukisema "maji mafu ni mavivu".

Nikuongezee jambo. Hiyo saa nne ya asubuhi ni neema kubwa kwa wenye vyombo, na sijui kama vijana wanaifikiri. Jahazi likitaka kusuguliwa tumbo na kupakwa deheni, ile shahamu na chokaa, unalipandisha pwani siku ya bamvua maji yakiwa juu kabisa, alasiri. Unalifunga, unaliegemeza na magogo. Usiku maji yanatoka na kurudi, chombo kinajiweka. Asubuhi maji yanakiacha, saa nne kimekaa pakavu chote, jua limeshatoka, mbao zinakauka upesi. Mnakwangua chaza na majani ya bahari, fundi kalafati anapita na nyundo yake akigonga pamba kwenye nyufa, na nyuma yake wengine wanapaka shahamu na chokaa kwa mikono. Mikono inanuka siku tatu, hata ukila wali unaisikia. Mpaka saa nane maji yanarudi miguuni. Kama bamvua lingekauka magharibi na alfajiri, kazi hiyo yote ingefanywa kwa taa.

Lakini usikose siku. Ukipandisha chombo kwenye kilele cha bamvua na ukachelewa kukishusha siku mbili tatu, maji hayafiki tena pale kilipo. Kitakaa mchangani wiki mbili kikikungoja bamvua jingine. Nimeona hayo, na mwenye chombo alikuwa akija kila alfajiri kukitazama kama mtu anayezuru mgonjwa.

Mwalimu wa Malindi

Ndugu yangu Uzi na Sindano, swali lako ni zuri kuliko mengi niliyoulizwa darasani. Ngoja nijaribu.

Anza na hili: bamvua si siku tu, ni mpangilio. Bamvua huja wakati jua, dunia na mwezi vimekaa mstari mmoja. Nguvu za jua kwenye maji hazifiki nusu ya zile za mwezi, lakini zikiungana na za mwezi ndipo unapoona vidato vyote kumi na viwili.

Sasa jiulize: mwezi ukiwa mstari mmoja na jua, upande ule ule, mwezi uko wapi saa sita mchana? Uko juu kichwani pamoja na jua. Hauwezi kuwa kwingine. Na ukiwa mpevu, upande wa pili, unapita juu kichwani saa sita usiku. Kwa maneno mengine, siku za bamvua mwezi umefungwa kwenye saa yako ya mkononi. Siku nyingine hupita kichwani saa yoyote, lakini bamvua haiwezi kutokea ila mwezi uwe umeipata saa sita, au karibu yake.

Maji nayo hayaufuati mwezi papo hapo. Bahari ni kubwa, ina kina chake na mwambao wake, na mawimbi haya marefu yanahitaji muda kufika. Kila bandari ina kuchelewa kwake. Kwetu sisi, kuanzia Mombasa mpaka huko Amu, maji hujaa takriban masaa manne baada ya mwezi kupita kichwani. Mwezi umepita saa sita, maji yatajaa saa kumi. Na yakijaa saa kumi, yalikuwa makavu masaa sita na kidogo kabla yake: saa nne asubuhi. Hiyo ndiyo saa yako.

Kwa nini basi daftari lako linafika mpaka saa tano na nusu? Kwa sababu bamvua lenyewe huwa kubwa zaidi siku moja au mbili baada ya mwandamo au mpevu, na kila siku inasogeza saa mbele.

Hesabu nyingine inakufikisha hapo hapo, na hii unaweza kuifanya mwenyewe kwenye daftari. Mwezi huchelewa kupita kichwani kama dakika 50 kila siku. Kutoka bamvua mpaka bamvua ni siku 14 na robo tatu, kwa sababu mwezi mzima ni siku 29 na nusu. Zidisha. Utapata kama masaa 12 na robo. Na kutoka maji kujaa mpaka kujaa tena ni muda gani? Masaa 12 na dakika 25, karibu yale yale. Yaani katika wiki mbili hizo maji yamechelewa zamu moja nzima, na zamu ya nyuma imekuja kukaa mahali pake. Nahodha na viungo vyake kumi na vinne vya vidole amesema jambo hili hili.

Swali la pili. Chukulia kwamba jua lina maji yake madogo ambayo hayabadilishi saa kamwe, na mwezi una maji yake makubwa yanayochelewa dakika 50 kila siku. Tunachokiona ngazini ni jumla ya yote mawili. Siku za bamvua, jua linayashikilia kwenye saa yake, kwa hiyo mwezi ukienda mbele dakika 50, jumla husogea pungufu ya hapo. Siku za maji mafu jua na mwezi vinapingana, jua linavuta kuelekea zamu nyingine, na kilele kinasogea mbele kwa zaidi ya saa. Wewe umeliona hilo kwa ngazi ya mawe na kalamu. Nakuomba usilitupe daftari hilo.

Jambo moja la kutazama: Machi na Septemba, jua likiwa juu ya ikweta, bamvua huwa kubwa kuliko za miezi mingine. Kilindini, bandari ya Mombasa, tofauti ya maji kupwa na kujaa inaweza kukaribia mita 4. Tazama kidato chako cha juu miezi hiyo.

Kijana wa Boti (Malindi)

Kaka, mimi nawapeleka wageni kwenye matumbawe ya hifadhi yetu ya bahari, ile iliyotangazwa 1968. Hatutaki maji marefu, tunataka yawe yamepwa ili samaki waonekane kwenye kioo cha boti. Sasa mgeni akiniuliza lini aje, namtazama mwezi kwanza. Siku za bamvua namwambia awe ufukweni saa tatu. Siku za maji mafu maji hukauka jioni, tena hayakauki vya kutosha, na mwanga umeshainama. Hii kazi nimeifanya miaka tisa na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Asante mwalimu, leo nimeelewa riziki yangu ilivyopangwa.

Binti Shela

Mimi ni wa Shela, hapa hapa kisiwani Amu, na mazungumzo haya yamenikumbusha mambo mawili.

La kwanza ni vita vya Shela. Wazee wetu hawavisimulii bila kutaja maji. Mwaka 1812 hivi jeshi la Pate na Wamazrui, watawala wa Mombasa, lilishuka Shela kuipiga Amu. Waamu wakalivunja. Wale walipokimbia kurudi kwenye vyombo vyao wakakuta maji yamepwa, vyombo vimekaa mchangani, havisukumiki. Waliuawa hapo hapo pwani. Nilipokuwa mdogo nikipita kwenye vilima vya mchanga nyuma ya mji, bibi alikuwa akinishika mkono na kunyamaza mpaka tupite, kwa heshima ya waliolala mle. Nikisoma Mwalimu anavyosema kila bandari ina kuchelewa kwake, nafikiri watu wale walikuwa na silaha na wingi, na maji hayakuwangoja.

La pili ni Takwa. Kwa wasioujua, Takwa ni mji wa mawe ulio Manda, wenye msikiti na kaburi la nguzo, uliohamwa karne ya 17, na wengi wa watu wake walikuja kwetu Shela. Mpaka leo watu wa Shela huenda kule kuomba mvua. Kufika ni kupitia kijito cha mikoko, na kijito kile hakipitiki ila maji yawe yamejaa. Ndugu Uzi, weka hili kwenye daftari lako: bamvua haifai kwa Takwa kama unataka kwenda na kurudi mchana. Maji yanajaa saa kumi jioni, utaingia vizuri, lakini ukikaa kidogo tu yamekuacha na giza linaingia. Maji mafu kijito huwa hakijai sawasawa. Sisi huchagua siku za katikati, mwezi sita au mwezi ishirini na moja. Maji hujaa asubuhi saa mbili na nusu, saa tatu. Unaingia nayo yakipanda, unazuru, unasoma Fatiha, na saa nne umeshatoka.

Uzi na Sindano

Sikulala mapema jana. Nimekaa na daftari na taa, mpwa wangu akinisomea tarehe nami nikizidisha.

Mwalimu, Mungu akuzidishie. Nimechukua bamvua za miezi mitatu na kuhesabu siku kutoka moja hadi nyingine: kumi na nne, kumi na tano, kumi na tano, kumi na nne, kumi na tano, kumi na tano. Hakuna kumi na tatu, hakuna kumi na sita. Robo tatu yako imo humo ndani, imejificha kwenye kupishana kwa kumi na nne na kumi na tano. Nilipoiona nilisimama nikazunguka chumba. Nimekuwa nikiiandika kwa mkono wangu wakati wote bila kuisoma.

Na leo saa sita mchana, mwezi ukiwa wa pili, nilifanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Niliweka kofia chini nikatazama juu kuutafuta. Hauonekani, jua limeufunika, lakini sasa najua uko hapo karibu, upande wa mashariki kidogo wa jua. Pete ya chuma ilikuwa nje saa tano kasoro dakika kumi.

Nahodha, hilo la viungo vya vidole nimemfundisha mpwa wangu. Anahesabu kumi na nne, kisha ananiuliza kile kiungo cha kumi na tano kikae wapi, siku ambazo bamvua inachelewa. Nimemwambia akuulize mwenyewe siku tukija Matondoni.

Binti Shela, nimeandika mwezi sita na mwezi ishirini na moja kwa wino mwekundu. Ndiyo yanayonileta kwenye ombi langu. Mama yangu ana miaka sabini na mmoja sasa, na tangu harusi ile hajapita tena Mkanda. Akitaka kwenda kwa jamaa zake Siyu hutafuta sababu ya kuahirisha. Nataka nimpeleke mwezi ujao. Nimechagua mwezi sita. Kwa daftari langu maji yatajaa saa mbili na nusu asubuhi hapa ngazini, na mwenye mashua nimeshazungumza naye kwamba hatungoji abiria. Nahodha, nimehesabu sawa?

Nahodha wa Matondoni

Umehesabu sawa, lakini usiondoke saa mbili na nusu. Ondokeni saa moja, mfike Mkanda maji yangali yakija. Chombo kikigusa chini maji yakiwa yanakuja, kaeni tu mzungumze, yatawainua yenyewe. Kikigusa yakiwa yanatoka, ndiyo yale yaliyowapata.

Kiungo cha kumi na tano ni ncha ya kidole gumba. Mwambie mjukuu wangu.

Uzi na Sindano

Saa moja, basi. Mama nimemsomea, akasema atabeba vileja.